Makwapa Yangu na Bibi Mashuka

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaibishwa na tone moja la jasho. Moja! Shati jeupe la mwalimu mkuu, kola nimeinyoosha mpaka inaweza kukata mkate, nikainua mkono kulitundika kwenye henga, tone likateleza kutoka kwapani, likapita kiwiko, likatua kifuani mwa shati, palepale mwalimu anapochomeka kalamu. Mkavu, mwenzangu wa kazi, akaliona. Mkavu huona kila kitu isipokuwa rundo la kazi yake.

Niandike hapa, maana kwingine hakuna anayenisikiliza: mimi sina kikwapa. Nina jasho. Ni vitu viwili tofauti. Naoga mara mbili kwa siku, na kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu, kwa hiyo usafi naujua kuliko hao wanaonicheka. Lakini jasho langu halina adabu. Nikikaa linatoka. Nikisimama linatoka. Asubuhi ya baridi wenzangu wamejikunyata ndani ya masweta, mimi makwapa yanachuruzika. Mkavu naye tunapiga pasi chumba kimoja, mvuke uleule, joto lilelile, na miaka sita sijaona hata unyevu juu ya mdomo wake. Jina la Mkavu nilimpa mimi, kwa chuki. Akalipenda.

Sasa kubwa lenyewe. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu na mwenye duka hili la dobi, ametuita sote wawili mezani kwake. Hoteli ya barabara ya juu inataka kutupa kazi yake yote: mashuka, foronya, vitambaa vya meza na makoti meupe ya wahudumu. Kazi ikija, atafungua duka la pili. Duka la pili litahitaji msimamizi. Mimi au Mkavu. Na atakayeamua ni mkuu wa nguo wa hoteli, mama mmoja anayeitwa na watu Bibi Mashuka, atakayekuja Alhamisi tarehe 20 kututazama tukifanya kazi. Mama Mkubwa akasema mama huyo hapendi kuona hata kivuli kwenye kitambaa cheupe. Kisha akanitazama. Hakunitazama usoni, alinitazama makwapani.

Mimi ni damu yake! Mkavu ni nani? Alikuja siku moja kuchukua suruali yake, ikawa haijakauka, akaombwa asubiri, na mpaka leo yupo.

Usimamizi ni wangu. Nimekwisha andika.

Jumanne, 4 Machi

Nimebuni kitu. Akili ninayo, tatizo ni mazingira.

Kwenye kabati la nguo zisizodaiwa kulikuwa na koti la mama mmoja, lina miezi minane halijafuatwa. Mabegani lina sponji mbili nene. Nimezichomoa, nikazibana kwa pini ndani ya shati langu, moja kila kwapa. Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa mkavu kwa nje kama mtu yeyote anayeheshimika. Nikatembea mbele ya Mkavu mara nne. Nikainua mikono bila sababu.

Saa tano na robo akaja mzee wa mkongojo kuchukua furushi lake. Nikalinyanyua. Pini ikafyatuka. Sponji ya kulia ikateremka na mkono wa shati, ikatokea kwenye kifungo cha kiganja, ikaanguka juu ya kaunta, imejaa maji, inatoa sauti. Mzee akaitazama muda mrefu. Akauliza kama ni mzima au amekufa.

Mkavu akaja kuiokota kwa ncha ya henga.

Na saa nane nani aliingia mlangoni? Mama mwenye koti! Miezi minane hakuonekana, ikabidi iwe leo! Alilivaa palepale mbele ya kioo, mabega yakamwangukia. Akasema alipolileta lilikuwa na mabega. Mama Mkubwa akaniuliza kama najua lolote. Nikasema nguo nazo huzeeka.

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya moto ni moto. Kama mimi siwezi kukauka, Mkavu atalowa. Siku ile ya Bibi Mashuka atukute wote tunatiririka, kisha damu iamue.

Nilifika kabla ya wote. Nikafunga madirisha yote. Nikaisogeza meza ya Mkavu karibu na boila. Nikatia pilipili iliyosagwa kwenye chupa yake ya chai, vijiko viwili, na kimoja cha kuhakikisha. Nikafungulia mvuke mpaka ukutani maji yakaanza kushuka.

Saa nne wateja walikuwa wanajipepea kwa risiti. Mama Mkubwa alivua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo sijaliona tangu msiba wa mjomba. Mimi nilikuwa nimebadilisha shati mara tatu, na la tatu lilikuwa la mteja. Mkavu akanywa chai yake yote taratibu, akasema leo ina ladha, akauliza nani kaipika. Mkavu! Hata pua haikumtoka kamasi!

Mama Mkubwa alipokuja kuuliza nani kafunga madirisha, mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, kichwa chini ya bomba. Akadhani mimi ndiye niliyeonewa. Akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani. Huo nauhesabu kuwa ushindi nusu.

Alhamisi, 6 Machi

Mke wangu ndiye chanzo cha mengi. Miaka mitatu iliyopita alinishauri nikamwone daktari wa ngozi. Alisema jasho la namna hii ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Nikamjibu, mbele ya kaka zake, kwamba mwanamume hapeleki jasho hospitali. Wakacheka, nikafurahi. Sasa neno lile limenikaa kooni. Nikienda, atakuwa alisema kweli, na mke aliyesema kweli mara moja haishi kulitaja.

Kwa hiyo nitakwenda kesho kwa siri. Nimemwambia ni jino.

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka kliniki. Daktari ni mtoto! Umri wa mdogo wangu wa mwisho, miwani mikubwa, kiganja chake kikavu kama karatasi. Nilimpa mkono akaufuta wake kwenye koti bila kukunja uso, nikajua huyu kazoea.

Aliniuliza maswali mengi yasiyomhusu. Lilianza lini? Tangu ujana. Pande zote mbili? Ndiyo. Usingizini? Hapana. Je, nimepungua uzito, moyo unaenda mbio, kuna dawa natumia, nina ugonjwa wowote wa misuli? Akataka damu yangu ipimwe sukari na tezi ya shingo, asije akatibu jasho kumbe limetumwa na kitu kingine. Nikamwambia limetumwa na Mkavu. Hakuandika.

Dawa za kupaka nimezipaka miaka yote, zile za kawaida na zile kali zinazowasha. Basi akasema kuna sindano. Ni ileile wanayochomwa matajiri kwenye paji la uso kuondoa makunyanzi. Sumu, lakini kiasi kidogo mno, inachomwa juujuu kwenye ngozi ya kwapa, vitobo kumi mpaka kumi na tano kila upande, na kazi yake ni kukata habari kati ya mshipa wa fahamu na tezi ya jasho. Mshipa unapiga kelele, tezi haisikii. Nikauliza kama na makunyanzi ya kwapa yatanyooka, maana kazi yangu ni kunyoosha. Hakucheka.

Nikauliza jasho langu litakwenda wapi likifungiwa. Akasema haliendi popote, halitengenezwi tu, na mwili una sehemu nyingine tele za kujipoza. Nilikuwa natumaini linaweza kuelekezwa kwa mtu.

Kisha akaanza kunikatisha tamaa, kama walivyo wasomi. Akasema matokeo hayaji siku hiyohiyo. Baada ya siku mbili tatu hivi mtu anaanza kuona tofauti, wengine mpaka wiki, na nguvu kamili ni kama wiki mbili. Halitaisha lote, lakini kwa wengi hupungua sana. Na hudumu miezi, minne, sita, wengine zaidi, kisha linarudi, na mtu anachomwa tena. Akarudia wiki mbili. Akaonyesha vidole viwili, kana kwamba mimi ni mtoto wa chekechea.

Wana nafasi Jumanne, majibu ya damu yakiwa safi. Nimesema nitafikiri.

Nyumbani mke wangu amenipikia uji mwepesi kwa ajili ya jino. Wengine wote nyumbani wamekula nyama. Nimeunywa kwa heshima.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri. Wasomi wanajua vitabu, lakini mimi najua wanga.

Tazama: shati ukilitia wanga leo na kulipiga pasi leo, kola inasimama kama askari. Likikaa kabatini wiki mbili linalegea, linakuwa shati la kawaida. Nguvu ya kitu ni siku yake ya kwanza. Mkate hivyo. Rangi ya ukuta hivyo. Kwa nini sumu iwe tofauti? Nikichomwa Jumanne tarehe 11, Bibi Mashuka akifika tarehe 20 sumu ina siku tisa, imechoka, inapiga miayo. Nikichomwa tarehe 19 jioni, itakuwa mbichi kabisa.

Hizo wiki mbili za daktari ni za watu wa kawaida, waliolegea. Mimi nimefanya kazi ya mvuke miaka kumi na moja. Mwili wangu unashika dawa haraka.

Nimepiga simu kuomba tarehe 19. Muuguzi akaniuliza kama nina uhakika, maana kuna nafasi ya karibu zaidi. Nikamwambia kijana wangu, andika kumi na tisa. Akasema yeye ni mama wa watoto wanne. Akaandika.

Chakula: uji.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya sita ya uji. Leo nilisema jino limepata nafuu, mke wangu akasema basi halina haja ya daktari, nikasema hapana, bado linauma, lakini kwa mbali. Akaongeza uji.

Mkavu amenisogelea mchana, akaweka kopo la poda juu ya meza yangu. Akasema shemeji yake anaitumia, inamsaidia kidogo, na kwamba tarehe 20 yeye anaomba nianze mimi kuonyesha kazi, kwa kuwa mkono wangu kwenye kola ni mzuri kuliko wake. Dharau iliyoje! Mtu akikutukana usoni unamjibu. Huyu anatukana kwa kukusifu. Nimeichukua poda lakini sikusema asante.

Majibu ya damu ni safi. Sukari sawa, tezi sawa. Kwa hiyo ni mimi tu.

Jumatano, 19 Machi

Siku yangu!

Kwanza kliniki walinipima kwa namna ambayo nusura niwape kazi dukani. Muuguzi alinipaka iodini kwapani, rangi ya kahawia, akaiacha ikauke. Kisha akachukua kopo na kuninyunyizia unga mweupe. Nikaujua kwa harufu. Nikamuuliza huu si wanga? Akasema ni wanga. Wanga wetu! Nikamwambia yuko mbele ya mtu anayejua wanga wa mahindi, wa muhogo na wa viazi, na nikamweleza tofauti zake zote nikiwa nimelala, mikono nyuma ya kichwa. Tukasubiri. Na polepole, pale jasho lilipokuwa linatoka, pakaanza kugeuka buluu, kisha buluu nzito, kisha nyeusi tii. Daktari akanieleza: iodini ikikutana na wanga na unyevu, inageuka hivyo, na kwa njia hiyo anaona mipaka ya jasho ili asichome ovyo. Akachora duara kwa kalamu. Nimevutiwa sana. Hesabu nzuri, kazi safi. Nikasema kama ningesoma ningekuwa daktari wa wanga.

Kisha sindano. Kumi na nne kulia, kumi na nne kushoto. Nilihesabu kwa sauti. Si maumivu makubwa, ni kama mtu anakuvuta nywele moja moja bila kukuomba radhi.

Akafuta ule unga. Akanipa maelezo. Leo usisugue wala kukanda kwapa. Kazi nzito na joto kali, acha mpaka kesho kutwa. Jioni uoge kwa maji ya kawaida na sabuni, polepole, mpaka rangi ya kahawia iliyobaki itoke. Kisha akanitazama juu ya miwani akasema:

"Kesho utatoka jasho kama leo. Usishangae, na usikate tamaa."

Wasomi na maneno yao. Nimempa mkono. Akaufuta.

Kuoga nimeoga, lakini kuanzia kitovuni kwenda chini, na uso. Kwapa sijaligusa. Alisema nisisugue! Sumu niliyoivumilia vitobo ishirini na nane nije niimwage bafuni kwa sabuni ya kipande? Sijawa mjinga kiasi hicho.

Shati la kesho nimelitia wanga mara mbili. Mara ya pili nimeumimina zaidi makwapani, ili pasimame, pasinatie ngozi. Nimelisimamisha sakafuni peke yake, bila henga. Limesimama.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika. Kwa hasira.

Asubuhi mke wangu alitandika kitanda, akaona madoa ya kahawia upande wangu. Akayatazama. Akanitazama nilivyokuwa nimesimama, mikono mbali na mbavu kama bata anayekaushwa. Akaniinua mkono bila kuomba ruhusa, akahesabu vitobo, akasema:

"Jino lako limehamia kwapani lini?"

Ikabidi nikiri. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliuliza tu daktari kasema nini, kisha akasema niende nikaoge, nitoe hiyo rangi. Nikamwambia asiniharibie dawa. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikasema mkuu wa nyumba hii ni nani? Akanipa mkate na mayai, kwa kuwa meno yangu ni mazima. Nikaondoka nimeshiba na nimenuna.

Saa tatu Bibi Mashuka alifika. Mama mfupi, sauti ya chini, viatu visivyolia. Alipitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Alinusa sabuni. Alimsalimu Mama Mkubwa kwa heshima zote, akakaa, akaomba tuanze. Mkavu akasema nianze mimi. Sote tumevaa meupe, kwa amri ya Mama Mkubwa.

Na mimi nilikuwa hodari! Hili lazima liandikwe. Koti la mhudumu nililipiga pasi kwa mipigo kumi na minane. Kola, mabega, mikono, mgongo, mifuko. Bibi Mashuka alisogeza kiti karibu. Nikaona Mama Mkubwa anaanza kutabasamu. Nikahisi kwapani joto linakuja, kisha unyevu, nikajiambia ni sumu, inafanya kazi, inasukuma la mwisho. Duka la pili nililiona kabisa, na kiti changu ndani yake. Nikalichukua koti, nikalitia kwenye henga, nikainua mikono yote miwili juu kulitundika kwenye bomba la juu, taratibu, kwa madaha, ili wote waone.

Wote waliona.

Mkavu alifungua mdomo. Mama Mkubwa akasimama. Nikadhani wamevutiwa, nikazidi kuinua.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akasema, "shusha mikono."

Nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Kwapa la kulia, buluu. Kwapa la kushoto, buluu. Na huku natazama, buluu inakwenda, inazidi, inakuwa nyeusi, inashuka mbavuni, inatambaa kuelekea mfukoni! Shati jeupe, wanga mara mbili! Kama mtu aliyebana chupa mbili za wino! Nikashika kuzuia, nikazidi kusambaza. Nikaishika henga, kidole kikaacha alama kwenye koti la hoteli. Kwenye kola.

Mkavu akavua koti lake akanifunika mabegani. Mbele ya watu! Mnafiki huyo hachoki.

Bibi Mashuka hakukimbia. Aliinuka, akanisogelea, akatazama kwapa langu kama anavyotazama doa lolote. Akauliza iodini? Nikasema iodini. Akauliza nimechomwa lini. Nikasema jana. Na hapo, kwa utaratibu wake, akainua mkono wake mwenyewe. Blauzi ya hariri, kavu kabisa. Akasema yeye huchomwa kila baada ya miezi sita saba, mwaka wa nne huu, na bila sindano hizo asingeweza kuvaa hariri wala kazi hii asingeipata. Moyo wangu ukaruka. Ndugu yangu katika jasho! Nimepona!

Akauliza daktari wangu alinieleza kuhusu wiki mbili? Nikasema alinieleza. Alinieleza nioshe iodini jioni? Nikasema alinieleza, lakini. Akaligeuza koti la hoteli, akanionyesha lebo ndogo ndani ya kola, yale maandishi ya joto gani, maji gani, sabuni gani.

"Jasho si kosa lako," akasema. "Lakini umeshindwa kufuata maelezo ya kwapa lako mwenyewe. Haya ya koti langu utayafuata?"

Nilikuwa na jibu zuri sana. Lilinijia saa kumi jioni.

Ijumaa, 21 Machi

Kazi ya hoteli imekuja. Msimamizi wa duka la pili ni Mkavu, kwa majaribio ya miezi sita. Tarehe 20 Septemba Bibi Mashuka atarudi kupima upya na kuamua moja kwa moja.

Lawama nimezigawa hivi. Daktari: hakuniambia nisivae wanga. Alijua kazi yangu, nilimhubiria wanga nusu saa nzima, hakusema neno! Muuguzi: alipaka kwa ukarimu. Mke wangu: alinishauri nioge kwa sauti ya kuamrisha, na mimi siwezi kuamrishwa. Mkavu: yote yaliyobaki.

Mama Mkubwa alinitumia mtu kuniita. Nikadhani ni matusi. Akanimiminia chai, akaniambia kwamba marehemu mama yangu naye alikuwa anatoka jasho hivi, na siku zote alivaa nguo nyeusi, hata harusini kwake alitaka kuvaa nyeusi wakamkatalia. Sikuwahi kujua. Alisema mama angenipeleka kwa daktari mapema, angejua iko tiba. Nikalia kidogo. Nikasema ni mvuke.

Shati nimelifua mara nne. Kwapa lina duara la kijivu. Mke wangu amelianika juani, akalitia maji ya ndimu, likatoka lote, kisha akalitundika mbele yangu. Kulitundika huko nako ni aina ya kusema.

Jumatatu, 24 Machi

Siku ya tano. Leo saa sita mchana nilijishika kwapani kwa mazoea. Kulikuwa na unyevu, lakini si mto. Nimejishika mara kumi na mbili kuhakikisha. Mteja mmoja akaondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Wiki mbili kamili. Mkavu! Mimi! Mimi ndiye mkavu!

Nimepiga pasi mashuka arobaini ya hoteli na shati langu ni kama lilivyotoka kabatini. Nimemkumbatia mke wangu asubuhi bila yeye kukunja uso. Nimepanda basi nimeshika bomba la juu. Nimemwazima mtu sweta langu na amelivaa. Nimekaa nikatulia, bila kubana mikono, mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Ni raha ambayo wenye nayo hawaijui. Ningeweza kulia tena, ila mvuke haukuwepo wa kusingizia.

Lakini haki hakuna. Mama Mkubwa alipita saa tisa, akanitazama, akauliza mbona leo sifanyi kazi. Mashuka arobaini! Miaka yote nilikuwa nachuruzika akidhani najituma, sasa nimekauka anadhani nimelala! Nimejimwagia maji kidogo kifuani ili aridhike.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi kliniki kuangaliwa. Daktari ameridhika. Kulikuwa na vidoti viwili vinavyolowa bado upande wa kushoto, akasema ni kawaida. Akasema hali hii tuitegemee mpaka Agosti au Septemba, kisha jasho litaanza kurudi taratibu. Nikamweleza kuhusu tarehe 20 Septemba. Akafungua kalenda yake mwenyewe, akahesabu kwa kidole, akasema basi njoo wiki ya mwisho ya Agosti, ili siku hiyo dawa iwe na nguvu kamili. Akaniandikia kwenye karatasi. Akapigia mstari. Akaonyesha tena vidole viwili.

Nyumbani mke wangu aliisoma karatasi, akaibandika kwenye mlango wa kabati, juu ya mashati yangu, ili niione kila siku. Nimemshukuru. Mimi si mtu wa kukataa ushauri.

Kisha nikakaa nikafikiri. Kosa langu la Machi nimeliona sasa, liko wazi kama mchana. Halikuwa tarehe. Wiki ya mwisho ya Agosti mpaka tarehe 20 Septemba ni siku zaidi ya ishirini. Sumu ya siku ishirini! Hiyo ni kola ya juzi! Kosa lilikuwa rangi ya shati.

Nimepiga simu kliniki. Ijumaa, tarehe 19 Septemba, saa kumi jioni. Muuguzi mama wa watoto wanne aliniuliza tena kama nina uhakika, safari hii mara mbili. Kisha akaandika.

Shati limekwisha shonwa. Jeusi. Nitalitia wanga mara tatu.